Nilipeleka Ukoo Mzima Mbele ya Kamati, Sasa Mke Wangu Hataki Kuweka Sahihi

Mama Wandera mpendwa,

Nimekuja kwako kuomba msaada, na nakusihi unisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, kwa sababu mimi si mmoja wa wale wanaume wanaokuandikia wakilia kwamba wamerogwa au wamekimbiwa, mimi ni mtu mwenye kichwa juu, naendesha lori la kampuni ya sabuni Industrial Area, naishi Maringo katika nyumba ambayo hata ukija bila kubisha utaikuta imefagiliwa, ni katibu mwenezi wa chama cha ukoo wetu hapa Nairobi, na kanisani naimba besi. Naitwa Mbaluka, na usinifiche jina kama unavyowaficha wengine, liandike lote, maana sijafanya jambo la aibu, nimefanya jambo la kujivunia ambalo limegeuka kidogo.

Mke wangu anaitwa Kathini. Anauza mapazia ya mitumba Gikomba, na nikisema anauza usidhani namsifu kwa kuwa ni wangu, yeye akifungua belo wanawake wanatoka hata Buruburu kuja kusimama pale wakingoja achambue, kwa sababu ana jicho na ana mkono, anashika kitambaa anakwambia hiki kitachuja na hiki kitakuzika. Sijawahi kujuta siku niliyomwoa. Tuna miaka minane katika ndoa na hatujapata mtoto.

Wewe unajua mitaa yetu ilivyo, mwanamume akipata mtoto wa kwanza jina lake la zamani linakwisha, anaitwa Baba Fulani mpaka azeeke, na kwenye laini yetu ya nyumba wote ni Baba huyu na Baba yule, mimi peke yangu ndiye Mbaluka wa Lori, hata watoto wanaocheza mpira wa makaratasi nje wananiita hivyo, na mimi huwaitikia kwa sauti na kuwapigia honi. Inaniuma sana, Mama Wandera. Lakini sijawahi kumwonyesha Kathini kwamba inaniuma.

Mama yangu mzazi ndiye aliyechoka kungoja. Alikuja kutoka Mwingi na maneno yameiva mdomoni, akaketi sebuleni kwangu akasema wakati umefika Kathini achukue iweto. Hii ni desturi yetu ya Ukambani, mwanamke asiyepata mtoto anamwoa msichana, anatoa mahari yeye mwenyewe, na watoto wa yule msichana wanahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Mama alikuwa ameshamwona msichana, ameshaongea hata na wazazi wake.

"Mama, sisi ni watu wa kanisa," nikamwambia.

"Na mimi ni wa wapi?" akaniuliza. "Nyanyako alioa iweto, akafa na wajukuu wamejaa mlangoni. Wewe nani atajaa mlangoni kwako? Magurudumu?"

Nikapiga meza. Nikamwambia mama kwamba Kathini ananitosha akiwa na mtoto na akiwa hana, na asilete tena hayo maneno mpaka tumalize kutafuta hospitalini. Kathini alikuwa jikoni akasikia kila neno, na jioni hiyo aliniandalia isyo, yale mahindi na maharagwe ya kwetu, pamoja na nyama kama siku ya Krismasi, nikajua nimefanya kazi ya mwanamume.

Na hospitalini tulikuwa tumeshaanza kutafuta. Mwaka jana Kathini alipimwa katika kliniki ya hospitali moja kubwa hapa mjini, akaambiwa mrija mmoja wa uzazi umeziba na wa pili uko sawa, na kwamba kuna daktari, Daktari Odero, ambaye anaandaa utafiti wa kuzibua mirija kwa njia mpya bila kumpasua mtu tumbo, ila hawezi kumgusa mwanamke hata mmoja kabla kamati ya maadili haijapitisha kazi yake. Nikauliza kamati ya maadili ni mnyama gani. Kathini akanieleza kwamba ni watu wanaokaa chini wakapima kama daktari anataka kuwatibu watu kwa haki au anataka kuwafanya panya wa maabara. Tukangoja. Miezi ikaenda. Tukasikia kamati imemrudishia daktari karatasi zake, eti hakuwa ameandika kwamba waume watapimwa kwanza kabla wake zao hawajaguswa, jambo ambalo mimi niliona ni kupoteza wakati, kwa kuwa mgonjwa alikuwa ameshajulikana.

Sasa hapa ndipo nilipoamka. Mimi kamati nazijua. Nimekaa kamati za mazishi, kamati za harusi, kamati ya kujenga choo cha kanisa, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba kamati haisogei mpaka ione watu. Ukitaka jambo lako lipite unajitokeza, hujitokezi peke yako wala hujitokezi mikono mitupu, na lazima awepo mzee wa kusema "huyu ni mtu wetu." Nikaitisha mkutano wa chama cha ukoo. Mzee Maingi, mwenyekiti wetu, akakubali papo hapo kuongoza msafara. Binamu yangu Mativo, anayechonga vinyago kule karibu na Majengo, akachonga kigoda cha miguu mitatu ambacho sijaona kigoda kizuri kama hicho maishani, kimezungushwa waya wa shaba, na kwenye mzunguko wa kiti ameandika ASANTE KAMATI YA MAADILI, kwa sababu kwetu ukimshukuru mtu mapema anaona haya kukunyima.

Kathini aliona akina mama wanashona leso zifanane, akaniuliza, "Mbaluka, hawa watu unawapeleka wapi?"

"Mbele ya kamati."

"Nani amekuita?"

"Kamati haikuiti, mama. Wewe ndio unajitokeza."

Akaendelea kukunja mapazia yake. Mimi nikachukulia amekubali.

Basi tukaenda, ukoo mzima ndani ya lori la sabuni, Mzee Maingi mbele kwangu na suti yake ya kijivu, mama na akina mama wengine nyuma na leso za rangi moja, mtungi wa asali ya Mwingi, jogoo, na kigoda. Mama Wandera, nilijiangalia kwenye kioo cha lori nikajiambia, Mbaluka, kama kuna mtu ana watu Nairobi hii ni wewe. Tukafika hospitali, tukaulizia, tukapanga mstari kwenye korido nje ya chumba walichokuwa wakikutania. Jogoo akawika. Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja mwenye miwani, akasema yeye ndiye katibu.

Mzee Maingi akaanza: "Mheshimiwa katibu, sisi ni ukoo wa..."

"Mzee, samahani," akamkata kwa upole. "Humu ndani hakuna mtu anayejua jina la mgonjwa hata mmoja, na hatutaki kulijua. Tunaangalia kazi ya daktari tu. Hivi vitu siwezi kuvipokea, tafadhali rudini navyo."

Akafunga mlango. Mzee Maingi hakuvunjika moyo, akaumalizia mlango hotuba yake yote, hadi kwenye maombi, nasi tukapiga makofi matatu ya heshima tukarudi na kigoda chetu. Lakini haikupita muda tukapata habari kwamba kamati imepitisha utafiti. Wewe niambie, hilo ni bahati tu? Mimi nilijua ni ule msafara.

Kwa hiyo tukafanya sherehe. Mbuzi alichinjwa, ukoo ukaja, watu wa kanisa wakaja, majirani wakaja, hata madereva wenzangu, na nikasimama nikatoa hotuba nikaeleza yote, kwamba mirija ya mke wangu iliziba, kwamba kamati imetupitisha, kwamba mwaka ujao tutakusanyika tena kwa jambo kubwa zaidi. Watu walipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Nilimtafuta Kathini kwa macho ili asimame apungiwe mikono, nikaambiwa ameenda kuchota maji.

Siku ya kuweka sahihi niliandamana naye, mimi, mama na Mzee Maingi, kwani jambo la ukoo huwa na mashahidi. Sista Lorine, yule nesi wa utafiti, akasema kamati imeamuru kila mtu aelezwe peke yake, mlango umefungwa, hakuna mume, hakuna mama mkwe, hakuna mwenyekiti. Mama alisema, "Mimi ndiye niliyemleta nyumbani," na nesi akamjibu, "Najua, shosho, keti hapa nikuletee chai." Tukaketi. Kathini akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ametulia sana, nikamuuliza umeshaweka, akasema hapana.

Nyumbani ndipo akasema. Aliniambia, "Yule sista ameniambia naweza kukataa na hakuna mtu ataniuliza kwa nini, na bado nitatibiwa kama kawaida. Mbaluka, tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniambia naweza kukataa kitu." Halafu akasema, "Na ni mrija mmoja. Mmoja tu. Wewe uliwaambia watu yote."

Nikamwambia hayo ni maneno madogo. Akasema, "Basi nenda upimwe. Ukishapimwa nitaweka sahihi. Wewe kwanza. Na usiende na Mzee Maingi."

Tangu siku hiyo hajaongeza neno. Kadi ya kupimwa nilipewa kitambo, iko kwenye lori, nimeichomeka pale juu ninapozuilia jua, lakini mimi ni mzima, Mama Wandera, nabeba katoni za sabuni ambazo zinawashinda vijana, kwetu tumezaliwa wavulana saba kwa mama mmoja, sasa mtu kama mimi anaenda kupimiwa nini, na nani ataniona nikitoka kwenye chumba hicho? Mwisho wa mwezi huu daktari anafunga kuandikisha. Mama amesema ikifika tarehe hiyo bila sahihi anamleta yule msichana. Na kila ninapopita, dereva mwenzangu Griffins ananiuliza, "Niaje, buda, kamati imewapea mtoto ama bado?" na wote wanacheka, na kigoda kiko sebuleni nimekifunika kitambaa, kwa sababu yale maneno yananitazama.

Naomba mambo mawili. Uiandikie ile kamati, maana wewe una gazeti, watakuogopa, imwamuru mke wangu arudi kuweka sahihi. Na kama haiwezekani, uniambie kama Mzee Maingi anaweza kuweka sahihi kwa niaba yake kama mwenyekiti wa ukoo. Mimi nampenda mke wangu na ninajivunia yeye kuliko kitu chochote nilicho nacho, na sitaki kumpoteza kwa ajili ya sahihi.

Mbaluka,
Maringo, Nairobi, Agosti 1996

MAMA WANDERA ANAJIBU

Bwana Mbaluka, uliniambia nisikufiche jina. Nimelificha, hilo la Mbaluka nimekupa mimi. Nimeficha la mke wako, la mzee wenu na la mtaa pia, na kazi zenu nimezipindua kidogo, kwa sababu anayekujua wewe anamjua yeye, na yeye hakuulizwa kama anataka kusomwa na nchi nzima asubuhi akiwa na wateja wake. Anza hapo kujifunza, maana shida yako yote iko hapo.

Sasa nikusifu kwanza, usije ukasema Mama Wandera ana mdomo tu. Kila wiki mezani kwangu zinafika barua za wanawake waliotupiwa masanduku nje kwa kukosa mtoto. Wewe ulipiga meza mbele ya mama yako mzazi. Hukumwita mke wako tasa, hukutafuta wa pembeni, hukumrudisha kwao. Ulijaza lori watu wakavaa sare kwenda kumwombea mtu mmoja anayeuza mapazia, na nikikuchekea kwa kuwa jogoo aliwika kwenye korido ya hospitali, ujue nacheka huku nimeguswa. Sitasema ulifanya upumbavu. Ulifanya kosa la mtu mwenye watu wengi.

Lakini ulikosea mlango. Umeishi mjini hapa ukaona kila kamati ikisukumwa kwa watu na zawadi, ukadhani zote ni ndugu. Hii iliwekwa ili isisukumike. Hebu fikiria kigoda chako kingefaulu kufungua ule mlango. Kesho yake angekuja mwenye gari refu, na viti vya ngozi badala ya kigoda, na mbunge badala ya Mzee Maingi, na binti yake angewekwa mbele, na mke wako angeambiwa arudi mwaka kesho. Yule katibu mwenye miwani alipokuambia hataki kujua jina la mgonjwa, alikuwa anamlinda Kathini dhidi ya watu wote wenye malori makubwa kuliko lako. Nami nakwambia ukweli, niliposoma hapo kifua kilinipanda kwa fahari. Kwamba katika Nairobi hii, ambako hata karatasi ya kuzaliwa unaipata kwa kujuana, kuna meza moja ambapo watu wazima wamekaa wakabishana jinsi ya kumlinda mwanamke wa Gikomba asidanganywe, na hawamjui, na hawataki asali yake.

Halafu hukuelewa walichopitisha. Hawakukupitisha wewe. Hawakumpitisha mke wako, na mtoto hawakumpitisha kabisa. Walipitisha namna daktari atakavyofanya kazi yake. Huo ni utafiti, baba, maana yake hata daktari mwenyewe hajui kama njia yake itafaulu, angekuwa anajua asingetafiti. Kathini anaweza kuweka sahihi, akafanyiwa yote, na mwaka ujao mkawa wawili vilevile mezani. Wewe umewachinjia watu mbuzi kwa ajili ya jibu ambalo hakuna aliyekupa.

Na sasa nikukamate mahali ulipojificha. Rudi usome barua yako. Umeandika kwa mkono wako kwamba mrija mmoja umeziba na wa pili uko sawa. Umeandika kwamba kamati ilimrudishia daktari karatasi kwa sababu alitaka kuwatibu wanawake kabla waume hawajapimwa, ukasema ni kupoteza wakati kwa kuwa mgonjwa anajulikana. Nani alimjua? Nani alimpima yule mwingine? Kubeba katoni za sabuni si kipimo cha uzazi, na wale wavulana saba wa kwenu ni kazi ya baba yako, si yako. Wanawake wangapi mitaani kwetu wamemeza vidonge, wamechomwa sindano, wamepasuliwa, wamepelekwa kwa waganga, na mume ameketi kwenye kochi anasema yeye ni mzima? Hiyo kamati iliwaona wanawake hao. Ndiyo maana iliweka sharti. Nawe kadi umeichomeka juu ya kioo, inakukinga jua.

Unasema mke wako amekataa. Hajakataa kitu. Soma maneno yake tena, ni machache: wewe kwanza. Hilo ndilo sharti lilelile la kamati. Wale watu wenye vyeti ukutani walihitaji miezi na mikutano kulifikia, na mke wako alilifikia kwa kuelezwa mara moja na mlango umefungwa. Kama unatafuta kitu cha kujivunia mbele ya Griffins na madereva wenzako, chukua hicho.

Na ulimuumiza, Mbaluka. Nisikupakie mafuta. Mwili wake ulikuwa jambo lake na daktari wake, ukausimamia juu ya nyama choma ukawasomea ukoo, kanisa na watu wa kazini, tena ukaongeza chumvi, mrija mmoja ukawa yote. Hakwenda kuchota maji. Alikwenda kulia. Watu wote mtaani wanafikiri wanajua kilicho ndani ya tumbo lake, na wewe uliyewaambia hata kipimo chako mwenyewe unaogopa mtu akuone ukitoka kukifanya. Wewe waogopa kuonekana mlangoni tu, yeye umemwonyesha mtaa mzima.

Kuhusu mama. Sitatukana iweto, imeinua nyumba nyingi na wanawake wengi wamezeeka kwa heshima kwa ajili yake. Lakini kwa desturi yenu ni mwanamke mwenyewe anayeoa, si mama mkwe anayemwolea. Kathini ndiye mwenye kulifungua jambo hilo au kulifunga, na mpaka leo sijasikia amelifungua. Na mwambie mama yako hivi: msichana huyo mnamwingiza katika nyumba ambayo hamjui shida iko upande gani. Asipopata naye, mtamtafutia iweto wake?

Umeniomba niiandikie kamati. Siandiki. Na kama ningeandika, wangeitia barua yangu kwenye pipa la taka na ningewapenda zaidi. Umeuliza kama Mzee Maingi anaweza kuweka sahihi. Hawezi, hata awe na suti ngapi. Hakuna mwenyekiti wa mwili wa mtu.

Sasa sikiliza utakachofanya, na ukifanye wiki hii. Jumatatu omba ruhusa kazini, acha lori, panda gari kama watu wengine, nenda ukapimwe. Peke yako. Usivae suti, usimwambie mtu, usimpitie Mativo. Ukionwa mlangoni umeonwa, hutakufa, mke wako ameonwa na mtaa mzima na bado anafungua belo kila asubuhi. Majibu yakitoka, mabaya au mazuri, wa kwanza kuyasikia ni Kathini, na kwa muda wote atakaotaka yeye, wa mwisho kuyasikia pia ni Kathini. Yakiwa mabaya, usianguke. Utibiwe, na uache mke wako akushike mkono kama ulivyomshika wewe kwa mama yako. Yakiwa mazuri, usichinje hata kuku.

Kisha uende kwa chama cha ukoo, usimame palepale uliposimama siku ya mbuzi, useme: mambo niliyosema ya mke wangu hayakuwa yangu kuyasema, na sitaki kuyasikia tena mdomoni mwa mtu. Wewe ni katibu mwenezi, sauti unayo. Mama umsindikize stendi na asali yake, kwa heshima zote, umwambie nyumba yako ina mlango na ufunguo anao Kathini. Kama baada ya yote hayo Kathini atasema hataki utafiti, basi hataki, na utaendelea kumwita mke na atakuita mume, na watoto wa laini wataendelea kukuita Mbaluka wa Lori, na utawapigia honi.

Na kile kigoda. Usikiuze, usikifiche, usikirudishe kwa Mativo kufutwa maneno. Toa kitambaa. Ukishatoka hospitali na karatasi yako mkononi, mngoje Kathini arudi kutoka Gikomba, umkalishe juu yake, na wewe usimame mbele yake bila mzee, bila jogoo, bila leso, umwombe unachotaka kumwomba. Hiyo ndiyo kamati pekee iliyobaki, Mbaluka, na hii inakujua kwa jina.

Mama Wandera